Karakana Iliyofunikwa Turubai

Mtaa mzima ulimwita binti yake Injinia tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na mama hakuwakataza. Yeye mwenyewe alikuwa mfagiaji wa chuo hichohicho, na funguo za karakana alikabidhiwa yeye.

Siku ya majaribio ya kazi kiwandani, Injinia alirudi kabla ya saa sita. Ovaroli yake haikuwa na doa hata moja la grisi. Mama akaitazama kutoka kola hadi miguuni.

"Mbona mapema, mwanangu?"

"Walitupatia mashine ya kukereza vyuma, mama. Kila mtu akereze shafti moja, ile fimbo ya chuma inayozungusha mashine. Wenzangu wote waliishia shule ya msingi, na wote walitoa za kwao."

"Ukafanyaje?"

"Nikatafuta pa kuiwashia. Msimamizi akasema, 'Dada, hiyo haisomwi, inawashwa.' Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikamchorea mchoro wa shafti yenyewe, na vipimo vyote. Akausifu, akaniambia niende nao nyumbani."

Mama akakaa kitako. Mashine kama hiyo aliifahamu. Ilikuwa katikati ya karakana ya chuo, imefunikwa turubai, na kila asubuhi aliipangusa vumbi. Ilifunuliwa wageni wakubwa wakija tu. Mkuu wa idara alishamwagiza: mwanafunzi asiiguse, ataiharibu. Miaka minne waliisoma ubaoni.

"Kuna Jumamosi ulinijia," akasema polepole.

"Mama, yaache hayo."

"Ukasema nikufungulie dakika kumi tu, hakuna atakayejua. Nikakujibu Mungu anajua. Nikakutimua na ufagio mkononi, mbele ya wenzako."

"Wangekufukuza kazi. Tungekula nini?" Binti akainuka. "Ulikuwa unatunza amana, mama."

Akaingia chumbani. Nyuma ya pazia mama alimsikia akilia, kilio cha mtu aliyejiziba uso kwa mto.

Mama akapiga magoti palepale sakafuni, kama alivyozoea kila alipofikwa na jambo. Akashukuru kwa uzima, akaja kwenye toba, na hapo maneno yakamkwama. Hakuwa ameiba, wala hakusema uongo. Alitii alichoagizwa, na kwa utii huo akamfungia mwanawe mlango. Dhambi hiyo hakujua inaitwaje, ili aitaje aombe kusamehewa. Akabaki amepiga magoti, kinywa wazi, na kule chumbani kilio hakikukoma.