Mwendo wa Molly Ajwang

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, Daktari Tecla Chepkurui alikuwa amekwisha kuwaona wagonjwa sita katika chumba alichokodi nyuma ya duka la dawa pale Kaplong. Gordon Okello akaingia amembeba mkewe mgongoni. Gordon alikuwa kibarua wa kiwandani, upande wa kunyaushia majani ya chai, na alizoea kubeba vitu vizito bila maneno. Alimweka mkewe kitini, akamnyoosha rinda, akasimama karibu na mlango.

"Anaitwa Molly Ajwang," akasema. "Anachuna chai. Miguu imekataa."

"Tangu lini?"

"Mwendo ulitoka Jumatatu," Molly akajibu mwenyewe. "Nilikuwa nimeketi kitandani navaa soksi. Nikauona unavaa gambuti zangu, ukachukua kikapu, ukaenda kazini."

Daktari aliandika: Jumatatu, asubuhi. Akauliza kama kabla ya hapo kulikuwa na dalili yoyote. Molly akafikiri. Alisema mguu wa kulia ulikuwa na ganzi tangu Jumamosi, na mwaka jana jicho moja lilififia kwa wiki tatu halafu likarudi. Daktari aliyaandika hayo pia, na akalipigia mstari lile jicho.

Daktari alikuwa na miaka hamsini na saba, mzaliwa wa Siongiroi, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiutafiti ugonjwa ambao wenzake walimwambia haupo. Ugonjwa wenyewe huitwa kwa herufi mbili tu, MS. Kinga ya mwili humgeuka mwenyewe, ikaanza kula ute wa mafuta unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na neva ikibaki tupu hupitisha habari vibaya, kama waya wa stima uliotafunwa na panya. Vitabu alivyosomea ng'ambo vilisema ni ugonjwa wa nchi za baridi. Aliporudi nyumbani akaanza kukutana nao: mwalimu, fundi cherehani, mke wa mchungaji. Aliandika makala nne. Wahakiki wa majarida walimjibu kwa heshima kwamba katika watu wa kwao ugonjwa huo ni nadra mno, wakamshauri afikirie kaswende, minyoo na upungufu wa vitamini. Alikuwa amekwisha kuvifikiria. Alikuwa amevipima vyote. Daftari lake lilikuwa na wagonjwa sitini na mmoja, na wengi wao walikosa picha ya ubongo kwa sababu mashine ilikuwa mbali na foleni yake ilikuwa ya miezi.

Mwendo kumtoka mtu hakukuwa jambo geni kwake. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe wa Mulot, Robert Kipruto, alitokwa na mwendo wake mwaka wa ukame, ukaonekana msimu mzima ukifuata mifugo kandokando ya barabara ya Narok. Daktari hakuliandika jambo hilo katika makala yoyote. Aliona ni vyema majarida yaukubali ugonjwa kwanza.

Jumamosi alikwenda shambani. Aliukuta mwendo wa Molly katika mistari ya juu, karibu na msitu wa mikaratusi: gambuti mbili nyeusi na kikapu kilichoning'inia hewani usawa wa mgongo. Nyapara wa kundi la wachunaji, mzee mmoja mpole aitwaye Bethwel, alikuwa amesimama na rejista chini ya mwavuli.

"Huyu hana shida, daktari," alisema. "Anafika mapema. Ila hachuni. Anatembea tu kwa mistari."

Daktari alipima mita saba na nusu kwa utepe, akauomba mwendo upite hapo. Ulipita kwa sekunde nne nukta tisa, ambayo ni kasi ya mtu mzima asiye na ugonjwa wowote. Nyumbani, katika kambi ya wafanyakazi, Molly hakuweza hata kuinua kisigino. Daktari aliandika vipimo vyote viwili kwenye faili moja.

Wiki ya pili wepesi wa vidole ukamtoka Molly, ukaufuata mwendo. Akawa hawezi kufunga kifungo wala kumsuka binti yake Awuor, na siku hiyo hiyo majani yakaanza kukatika juu ya michai na kuingia kikapuni. Bethwel akafurahi. Alikuwa akipata taabu kuujazia mwendo ule rejista.

Kulikuwa na dawa. Haikurudisha kilichokwisha kutoka, lakini ilizuia kisitoke kingine, na Molly bado alikuwa na macho, sauti na mkono wa kushoto wenye nguvu kidogo. Bima ingeilipia dawa hiyo kama mwajiri angeandika barua kwamba mfanyakazi hawezi kazi. Basi Daktari akamtia Molly kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, na yeye na Gordon wakamsukuma hadi ofisini kwa meneja.

Meneja Sagini alikuwa mtu wa adabu. Aliwaagizia chai, akamuuliza Molly habari za watoto, akafungua rejista.

"Madam, huyu mama hajakosa kazi hata siku moja," alisema. "Hata saa hii yuko kazini."

Akawaonyesha dirishani. Katika bonde, kati ya migongo ya wachunaji wengine, gambuti za Molly zilikuwa zikipanda mstari. Molly alisogea mbele kitini apate kuona. Aliutazama mwendo wake kwa muda mrefu, jinsi ulivyokuwa ukitanguliza mguu wa kushoto, ukikwepa mfereji.

"Unaenda vizuri," alisema.

"Mwenyewe ni huyu hapa," Daktari akasema. "Huyu ndiye mgonjwa. Ule pale ni kitu alichonyang'anywa."

"Naelewa. Lakini mimi nikiandika kwamba hawezi kazi, nitakuwa nimedanganya, kwa sababu kazi inafanyika. Na nikimstaafisha kwa ugonjwa, nyumba ni ya mfanyakazi. Bwana Okello ni kibarua, hana nyumba. Watatoka mwisho wa mwezi."

Mvua ya saa nane ilianza kupiga bati. Meneja aligeuzageuza kalamu, halafu akasema kwamba alikuwa amezungumza na wakubwa, na kampuni ilikuwa tayari kuuajiri ule mwendo. Namba ya kazi ingebaki ile ile. Molly angeandikishwa kuwa mtegemezi wake, na mtegemezi anaruhusiwa kuishi katika nyumba.

"Mtegemezi wa mwendo wangu," Molly akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na dawa?"

"Mtegemezi hana barua ya mwajiri, mama. Hajaajiriwa."

Daktari alimwambia Molly asitie sahihi, wangekata rufaa Nairobi, angeandika yeye mwenyewe. Molly alimsikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, wewe umekuwa ukiandikia watu barua miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Na Awuor yuko kidato cha pili." Akanyoosha mkono wa kushoto. Gordon akamsaidia kushika kalamu.

Kwa mwezi mmoja mambo yalikuwa shwari. Jioni mwendo ulirudi kambini, ukavua gambuti mlangoni, ukasimama kando ya kitanda mpaka asubuhi. Awuor aliuzoea, akawa anauzunguka anapofagia.

Kisha Alhamisi moja Gordon akamleta Molly Kaplong akiwa amelala. Si usingizi wa dawa. Macho yake yalifumbuka, yakafumba, kichwa kikaanguka begani.

"Mimi nimechoka tu, daktari," alisema. "Nakaa kutwa kwa godoro, lakini ikifika saa tisa mwili wote ni kama nimepandisha kilima na gunia."

Daktari alimuuliza kuhusu siku za wiki. Jumapili, Molly akasema, ni afadhali. Jumatatu ni mbaya, kwa sababu kundi lao hupelekwa mistari ya mbali. Daktari akamwomba Gordon aandike kila siku saa ambazo mkewe huzidiwa, naye akamwomba Bethwel rejista. Alilinganisha karatasi hizo mbili Jumamosi nzima. Zilifuatana kama nyayo. Mwendo ulikuwa kazini na wepesi wa vidole ulikuwa kazini, lakini uchovu haukuwa umeenda popote. Ulibaki kwa mwenyewe.

Alijua wakati huo kwamba hiyo ndiyo makala bora atakayowahi kuandika. Wagonjwa wote sitini na mmoja walikuwa wamelilalamikia jambo hilo kabla ya mengine yote, na waume zao, waajiri wao na madaktari wao walikuwa wameliita uvivu. Aliiandika kwa majuma matatu. Jarida lilimjibu baada ya siku tisa. Mhakiki wa kwanza alisema kwamba mgonjwa anayetembea mita saba na nusu kwa sekunde nne nukta tisa hana ulemavu, kwa hiyo aondolewe katika utafiti. Mhakiki wa pili alimshauri afikirie minyoo.

Alirudi kwa meneja kuombea mwendo siku mbili za mapumziko kwa wiki.

"Haujalalamika," Sagini akasema.

"Anayelalamika ni mwenye nao. Yuko kitandani, mita mia tano kutoka hapa."

"Yule ni mtegemezi, madam." Alisema bila kiburi, kama mtu asomaye kanuni. Kisha akafunga mlango wa ofisi, akaketi karibu zaidi. "Lakini kuna habari njema. Wakubwa wamependa utafiti wako. Mwendo wa Molly hauendi likizo ya uzazi, haupandi gari kwenda matanga Siaya, hauna chama. Wako tayari kukununulia mashine ya picha za ubongo, yako, hapa hapa Kericho. Wanachotaka ni majina tu ya wafanyakazi walio karibu kutokwa na mwendo. Kampuni ijipange."

Daktari alikuwa ameota mashine hiyo tangu akiwa kijana. Alijua ingewekwa wapi, alijua wagonjwa gani wangeingia kwanza. Wachunaji kumi na wanne wa kampuni ile walikuwa daftarini, na wawili kati yao walikuwa wameanza kusikia ganzi miguuni.

"Hayo ni majina ya watu walionivulia nguo na kuniambia siri," alisema mwisho. "Si orodha ya vibarua."

"Fikiria tu, madam."

"Nimefikiria. Hapana."

Meneja hakukasirika. Alimsindikiza hadi getini na kumshukuru kwa muda wake. Mwezi uliofuata, ganzi ya wale wawili ikakomaa, na miendo yao ikaenda kazini bila kuitwa na mtu. Bethwel akaiongeza kwenye rejista. Baada ya hapo kampuni ikaacha kuhitaji majina. Ikaanza kuipanga miendo kufanya kazi Jumapili pia, kwa kuwa miendo haikuwa na kanisa.

Molly sasa alikuwa akilala saa kumi na nane kwa siku. Alipoamka aliuliza ni siku gani, na Awuor alipomwambia, alisema, "Basi leo tuko kule juu."

Jumapili moja baada ya ibada, Daktari Chepkurui aliegesha gari kando ya shamba, akapanda mstari hadi alipoukuta mwendo wa Molly. Bethwel alimwona, akageuka upande wa pili, akajifanya anahesabu vikapu. Daktari akavua koti, akalitandaza juu ya majani.

"Kaa," akauambia. "Kaa kidogo tu, Molly apumzike."

Mwendo ulisimama mbele ya koti. Gambuti zikasogea kulia, zikarudi kushoto, zikalizunguka koti mara moja, na mara ya pili. Ulikuwa ukijaribu. Daktari akaketi mwenyewe chini kwenye koti ili uone jinsi inavyofanywa, akapiga mkono mahali pa kukaa karibu naye. Gambuti zikazunguka tena. Hapo ndipo alipoelewa kwamba ulikuwa mwendo tu, usiojua kuketi; kuketi kulibaki kwa Molly.

Juu mlimani filimbi ilipigwa. Mwendo ukarudi kwenye mstari, ukatanguliza mguu wa kushoto.

Daktari alibaki ameketi. Saa ya mkononi ilionyesha saa saba na dakika ishirini. Akatoa daftari, akaandika saa hiyo chini ya jina la Molly Ajwang, ili Alhamisi ailinganishe na karatasi ya Gordon.