Kifaa cha Kupatana na Kompyuta

Hadiya aliutua mzigo wake juu ya kaunta ya Kimeu, muuza vifaa vya elektroniki pale Ukunda, akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na skrini peke yake.

"Kompyuta yenyewe iko wapi, dada?" Kimeu akauliza, akijizuia kucheka. "Hii ni ya kutazamia tu."

Kazi ya Twahir hiyo, mumewe. Twahir alikuwa nahodha wa boti ya kupeleka wageni Wasini, na watu wa boti hawanunui kipuri kwa maelezo. Hung'oa kilichoharibika wakaenda nacho dukani kikalinganishwe. "Beba kompyuta yako, Mama Salha, wakakupimie," alimwambia asubuhi, akaifunga mwenyewe huku Hadiya akimwogesha mtoto. Lile sanduku la chini aliliacha. Kwake yeye lilikuwa betri.

Kurudi nyumbani hakukuwezekana. Mzungu aliyeacha vifaa viwili kwa Kimeu viuzwe alikuwa akiondoka jioni hiyo hiyo ya mwaka tisini na tisa, na kisichouzwa angekwenda nacho kwao. Kila siku Hadiya aliandika majina ya wageni ufukweni Diani, na kila magharibi akayaandika upya kwenye kompyuta ili hoteli iyapate, Salha akimlilia magotini mpaka akapitiwa na usingizi bila kunyonya akashiba. Alitaka kifaa cha kuandikia mara moja tu, kisha majina yahamie yenyewe.

"Hii ni simu na daftari pamoja," Kimeu akasema. "Inatuma kwa mwanga, haina mambo ya waya. Hii ingine ni ya kalamu, haipigi simu, inatumia waya. Sasa inategemea mashine yako. Iko na jicho la mwanga?"

Hadiya akababaika. Darasa la jioni liliwafundisha kuwasha, kuzima na kuchapa barua. Nyuma ya mashine hakuna aliyewapeleka.

"Kuna taa nyekundu mbele."

"Hiyo ni ya umeme, mamaa."

"Na ya kijani?"

"Hata hiyo."

Simu ilikuwa nzuri. Akaishika, akaiweka, akaishika tena. Salha akaanza kujinyonganyonga mgongoni.

"Chukua simu, hutajuta."

"Na ikikataa kuelewana na kompyuta?"

"Ikikataa utanipigia."

"Nikupigie ufanye nini, naye Mzungu wako ameshapanda ndege?"

Akaugeuza waya wa kile cha kalamu. Mwishoni palikuwa na vijitundu, safu ya juu ndefu, ya chini fupi. Nyigu aliwahi kujenga kwa udongo nyuma ya lile sanduku, naye akauchokoa udongo kwa pini ya nywele, akihofia kuvunja vijisindano vilivyosimama ndani. Navyo vilikuwa safu mbili. Au alikuwa akijidanganya?

"Nipe cha kalamu," akasema.

Alasiri akaandika nacho majina ya wageni ufukweni, kisha nyumbani akamsimulia Twahir ya dukani, naye akakigeuza kifaa huku na huku. "Cha kupigia simu ndicho ulichokiacha?"

"Ndicho."

"Ala!"

Skrini ikarudishwa juu ya sanduku, na waya ukaingia nyuma yake. Kompyuta ikataka disketi, Hadiya akatia ile aliyopewa dukani. Ikauliza jambo kwa Kiingereza kisichoeleweka, akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, ndiyo. Kimya. Akabonyeza hapana, na majina yakaanza kuteremka, wageni wote wa siku ile, mmoja baada ya mwingine.

"Umefanyaje?"

"Sijui, Baba Salha. Usiiguse tu."

Akaketi mkekani, akampakata mwanawe kwa mikono yote miwili, akamnyonyesha.