Uso Unaocheka Mtini

Jumamosi ile shule iliwaita wazazi bustanini wakacheze na tope. Ndiyo, tope! Kila mzazi na mtoto wake wachague mti, wabandike udongo kwenye shina, kisha waumbe uso kwa majani, mbegu na vijiti. Mama yake Chiriku ni muuguzi, siku hiyo alikuwa zamuni, kwa hiyo akaenda baba wa kambo, kinyozi, suruali imenyooshwa pasi utadhani anakwenda kuposa.

Na kweli alikuwa anaposa, maskini. Mwaka mzima tangu amuoe mama, alikuwa akitafuta njia ya kuingia moyoni mwa yule binti wa miaka saba. Kwa watu wengine Chiriku alikuwa domokaya, lakini akimwona kinyozi tu, kimya. Shikamoo, basi.

"Nikukandie udongo?"

"Naweza mwenyewe."

Haya. Kinyozi akabaki kuokota majani. Mtoto akabandika tope, akaweka macho ya mbegu, akatazama, akabomoa. Akaumba tena, akabomoa tena. Na vinyozi mnawajua, midomo yao haina breki.

"Huyo nani, mama? Kiboko anayeumwa jino?"

Chiriku akageuka, machozi yanamlengalenga. "Ni baba!"

Lo! Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, mama. Nimeropoka."

"Hafanani," mtoto akasema, sasa analia waziwazi. "Kwenye picha zote amenuna. Mimi namtaka akicheka, na nimesahau alivyokuwa anacheka. Nimemsahau baba!"

Sasa tusidanganyane. Kushindana na mwanamume aliye hai ni kazi. Marehemu ndiyo kabisa, maana yeye hakosei tena. Kuna siku kinyozi aliomba kimoyomoyo yule bwana afifie kidogo tu, na yeye apate pa kukaa. Leo huyo anafifia mbele ya macho yake. Angenyamaza, nani angejua?

Lakini yule marehemu alikuwa mteja wake. Kichwa kile alikinyoa miaka na miaka, na mtoto huyu anakililia. Kinyozi akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya pasi, akachota udongo.

"Baba yako alikuwa hawezi kutekenywa. Wembe ukigusa kisogo tu, kwisha habari! Jicho la kushoto lilifumba lote. Bana hapa, hivyo hivyo. La kulia likabaki wazi, linanikodolea."

"Na mdomo?"

"Ulikwenda upande. Lete kijiti kilichopinda. Aa, siyo hicho, kile kilichopepesuka kama mlevi."

Chiriku akacheka na kamasi zake.

"Na hapa shavuni palikuwa na kishimo. Tia kidole chako."

Akatia kidole. Akarudi nyuma, akatazama.

"Ndiye," akanong'ona. "Ndiye kabisa!"

Akalaza shavu lake juu ya lile shavu la tope. Kinyozi alifurahi na aliumia kwa pamoja. Alijiona amemrudisha mwenye nyumba, na sasa mgeni ajiondokee.

"Mvua ikinyesha je?" mtoto akauliza.

"Tutamtengeneza tena. Mimi simsahau."

Mwalimu akafika na kamera. "Haya, nyie wawili, tayari?"

Kinyozi alikuwa ameshasogea kando, awaachie baba na mwana nafasi yao. Chiriku akamfuata, akamkamata mkono na matope yake yote, akamvuta mpaka mtini.

"Tuko watatu, Mwalimu," akasema. "Baba akae huku, na huyu wangu huku."

Katika picha ile kinyozi ametoka vibaya, analia kama mtoto mchanga, na Chiriku hajauachia mkono wake.