Mikono Iliyolala Kiwandani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kumchukua mjukuu wangu Somoe kazini, kwenye kiwanda cha korosho. Mtoto wake mchanga alikuwa analia nyumbani, anataka kubebwa.

Getini pana kibao: "Mikono ya wafanyakazi haitoki na kitu." Kwa hiyo mikono yenyewe haitoki. Inang'olewa taratibu na kutundikwa ukutani, wenyewe wanakwenda nyumbani na mabega. Nami nikang'olewa yangu, maana mgeni naye ana vidole.

"Yangu imezuiwa, Bibi," Somoe akaniambia. "Korosho zimepungua. Mpaka mwizi apatikane."

"Na mtoto utambeba na nini?"

"Ndiyo hapo, Bibi."

Pale ukutani, mkono mmoja ulikuwa unamfuta vumbi jirani yake. Nikaushukuru.

Mara kiwanda kikawa jiko langu. Ukuta wa mikono umo, na msimamizi, Bwana Nandonde, amesimama penye mafiga. Ana mikono yake yote miwili.

"Wewe hutundiki?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye mwenye misumari, Bibi."

Mizani ya korosho ikakohoa. "Kila jioni huyu msimamizi anachota konzi mbili. Anasema ni za kuonja."

"Mbona hamkusema?" nikauuliza ukuta.

Mkono uliokauka kama ukuni ukanyoosha kidole. "Mimi nilisema. Niko hapa tangu masika ya mwaka juzi."

Mtoto analia tena, sasa sauti yake inatoka ndani ya chungu. Chungu kinaanza kuchemka.

"Mwanangu," nikamwambia Nandonde, "hapa hakuna atakayesema kweli kabla yako. Anza wewe."

Akageuza mifuko, korosho zikamwagika. "Ni mimi," akasema, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Kumbe lilikuwa linangojwa hilo tu. Mikono yote ikasema kwa pamoja: mimi nilichukua chache za mgonjwa wangu, mimi niliona nikaogopa. Misumari ikalainika kama nta, taa zikazimika. Mimi na Somoe tukanyakua mikono gizani, tukaivaa, tukamkimbilia mtoto.

Nikaamka nimelowa jasho. Somoe akaingia amembeba mwanawe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akasimama, akakitazama kidole chake.

"Bibi, pete yako ya ndoa imeingiaje kwangu? Si ilikukwama, hata kwa sabuni haitoki?"