Mashine Iliyomaliza Mapema

Siku ile mjinga alikuwa Ildus, na hata yeye hakatai. Alitoka chumba cha mashine mbio, karatasi ndefu ya majibu ikimfuata nyuma kama mkia, akipiga kelele kwenye korido: "Imemaliza! Njooni muone, imemaliza!"

Wanawake wa kituo cha hesabu cha kiwanda wakatoka na vikombe vyao vya chai. Huko Perm, mji wa Urusi, mwaka ule wa themanini na sita, enzi za Wasovieti, mtu akipiga kelele kiwandani watu walitoka kwanza, maswali baadaye. Huenda pamewaka moto, huenda kantini imeletewa machungwa, kitu adimu kule.

Kapitolina Yegorovna, mwendesha mashine, ambaye wanafunzi wote walimwita shangazi Kapa, aliingia wa mwisho, mkononi ana soksi anayoifuma. Akatega sikio. Tepu za kompyuta zilikuwa zimesimama. Ukimya ule haukuwa wa asubuhi; kila siku mashine ilinguruma mpaka jioni.

"Umeiua?"

"Nimeiharakisha, shangazi! Mishahara ya kiwanda kizima. Ilikuwa inakula siku nzima, leo birika halijachemka imeshamaliza!"

Na kweli. Programu ya zamani ilirudisha tepu mwanzo kwa kila mfanyakazi, kama mpishi anayekwenda kisimani kwa kila kijiko cha maji. Ildus, aliyeletwa kutoka chuoni kwa mazoezi ya kazi, jambo hilo lilimwasha kama upupu. Kijana mwenyewe hakujua kukaa: alikula akitembea, na alipofikiri alitafuna kalamu. Alitoboa kadi zake za programu, akazipanga, akazipangua, akatoboa nyingine. Shabaha yake ilikuwa moja: barua ya sifa kutoka kwa mkuu wa kituo, Rimma Pavlovna, impeleke taasisi ya utafiti ya Novosibirsk badala ya kupangiwa kazi kwenye kiwanda cha matofali huko wilayani.

Rimma Pavlovna akaja. Akasoma majibu mstari kwa mstari, kalamu sikioni.

"Ni sahihi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba. "Nani mwingine anajua?"

"Korido nzima!"

"Hongera, fundi. Haya, kaa."

Hakukaa.

"Mpango wetu wa kazi, huko juu wizarani wanaupima kwa kitu gani?"

"Kwa... kazi?"

"Kwa saa, baba. Saa ambazo mashine imezunguka. Zikipungua, wanatukatia zamu. Na zamu ya kukatwa ni ya Kapa, ambaye pensheni yake inakaribia kubisha hodi. Irudishe ilivyokuwa."

"Rimma Pavlovna! Mkate ukiiva mapema, mnaurudisha uwe unga?"

"Barua yako nitaiandika tamu kama asali. Lakini mashine izunguke mpaka jioni, la sivyo nenda ukasome matofali."

Ildus akaipima korido kwa miguu, akaenda, akarudi, hata bawabu akachoka kumtazama. Kuirudisha ile programu ya zamani, mkono ulikataa. Kumfukuzisha shangazi Kapa, roho ilikataa. Mwishowe akatoboa kadi chache zaidi: mishahara ikishakamilika, mashine izungushe tepu tupu mpaka mwisho, iirudishe mwanzo, iizungushe tena, isiandike kitu, mpaka saa ya kufunga.

Kesho yake akaiwasha. Kishindo kikarudi, taa zikacheza, Rimma Pavlovna akachungulia mlangoni, akatikisa kichwa kwa ridhaa na kwenda zake. Shangazi Kapa akakaa kwenye kiti chake na kuishika soksi.

Ildus akamzunguka kama nzi.

"Hiyo tepu ni tupu, shangazi."

"Naona."

"Haina hata herufi!"

"Nimesema naona. Toka kwenye mwanga wangu."

"Mashine yenye akili ya watu elfu! Mchana kutwa inakwenda na kurudi, bure bilashi, na wewe umekaa unafuma! Roho haikuumi hata kidogo?"

Shangazi Kapa akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mimi akili yangu ni ya mtu mmoja tu, na jana niliisimamisha jioni nzima kwenye foleni ya soseji. Nafika dirishani, zimeisha. Sikukusikia ukinililia. Leo iache mashine nayo ipange foleni."