Mmoja wa Faetano

Mimi nina wivu. Nasema mapema ili asije mtu baadaye akadai nimemficha. Mama yangu alikuwa nao, dada zangu wanao, na hata mbwa wetu hapa kijijini Faetano akimwona mume wangu anampapasa paka, anasusa kula. Kwa hiyo mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba watapita nyumba kwa nyumba kuhesabu maradhi, na nikasikia muuguzi wa upande wetu ni Oriana, sikuuliza maradhi gani. Niliuliza kwa nini Oriana.

Oriana alikuwa msichana wa Settimio kabla Settimio hajawa wangu. Walicheza dansi pamoja sikukuu tatu mfululizo za Mtakatifu Marino, kijiji kizima kikiwakodolea macho, mpaka baba yake alipoamua kwenda kutafuta kazi Detroit na kuichukua familia yote. Mimi nikapata nafasi. Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye nafasi hiyo bila neno, maana kati yangu na Oriana palikuwa na bahari. Halafu mumewe akafia hukohuko, naye akarudi na cheti cha uuguzi, nywele za rangi ya mahindi na kiuno ambacho mwanamke wa miaka hamsini hana haki nacho.

"Amenenepa?" nilimuuliza jirani yangu Ilde siku ile aliyorudi.

"Pole, shoga," Ilde akanijibu. "Hata kidogo."

Basi, tuje kwenye hiyo hesabu. Aliyeiongoza alikuwa daktari wa chuo kikuu cha ng'ambo ya mpaka, kijana mwenye miwani, mpole, anayesema asante hata kwa kiti. Alitukusanya baada ya misa akatueleza kwamba katika nchi kubwa wanachagua watu wachache, wanawapima hao, halafu wanakisia waliobaki. San Marino haina haja ya kukisia. Watu elfu ishirini na kitu, kila mlango utagongwa, na ulimwengu utajua kwa hakika wangapi kwetu wana kifafa, wangapi wana kipandauso, wangapi wanatetemeka. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Sisi ni wachache sana, mtu akitaka kutuhesabu tunafurahi.

Utaratibu ulikuwa huu: kila mmoja anajibu peke yake, mlango umefungwa, na mke asisikie ya mume. Wauguzi walikuwa wameapa kutosema neno. Kulikuwa na maswali tisa ya kuanzia. Ukijibu hapana yote tisa, unashukuriwa na kuagwa. Ukijibu ndiyo mahali popote, unabaki kuulizwa mengine arobaini. Mimi nilimaliza kwa dakika kumi, na dakika tano kati ya hizo nilizitumia kuviangalia viatu vya Oriana.

Ikaja zamu ya Settimio.

"Nives, tupishe kidogo," Oriana akaniambia. Jikoni kwangu!

"Nina maharage motoni."

"Nitakuangalizia."

Ataniangalizia yeye! Nikatoka, nikafunga mlango kwa nguvu ili wajue nimetoka, nikasimama uani na kuku. Ilde alikuwa anaanika nguo ng'ambo ya ua.

"Wa kwangu alitoka kahawa haijachemka," akasema.

Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Kupitia mlangoni nilisikia sauti ya mume wangu, ya chini, ndefu, inakwenda tu. Sasa naomba mnielewe. Settimio ni mchonga mawe. Mimi mkewe nikipata sentensi tatu kwa siku, moja ni ya kuomba chumvi. Na huyu anaongea humo ndani kama padri wa kwaresima! Walipotoka ilikuwa saa nzima na nusu, maharage yameungua, macho ya mume wangu mekundu, na Oriana akamwekea mkono begani. Aliuweka kidogo tu, lakini niliuona.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Maswali," Settimio akasema.

"Maswali gani ya saa nzima na nusu?"

"Ya serikali."

Tangu hapo sikulala vizuri. Nikaanza kuunganisha mambo, na haki ya Mungu yaliungana yenyewe. Huyu mtu tangu mwaka jana alikuwa ameacha kunyoa ndevu nyumbani. Anashuka mjini Borgo kwa kinyozi mara mbili kwa wiki, mchonga mawe mwenye vumbi mpaka kwenye kope! Jumapili haendi tena kucheza ule mchezo wa kurusha matufe na wenzake. Tukitembea hanishiki mkono. Nikimchekesha anacheka, lakini uso wake hauchangamki, umekaa palepale. Na kila Alhamisi, siku ya soko, anaaga kwamba anakwenda Borgo, na Alhamisi moja nilimfuata mpaka barabarani nikamwona kwa macho yangu mawili anaingia kwenye kale kagari kekundu ka Oriana.

"Mwanamume anayekwenda kwa kinyozi mara mbili kwa wiki ana mwanamke," nilimwambia Ilde.

"Au ana ndevu, shoga."

"Wewe unamtetea?"

"Mimi namjua Settimio. Kumtongoza mtu kunataka maneno. Atayatoa wapi?"

Ilde hajui kitu kuhusu mume kwa sababu wa kwake hatamaniwi na mtu. Mimi nilijua. Nilikuwa naogopa jambo moja tu, na niliamka nalo na kulala nalo kwa wiki tisa: mume wangu amerudi kwa Oriana, na siku yoyote ataniambia. Kila akiingia nilimdaka mlangoni: umetoka wapi? Akinijibu, simwamini. Asiponijibu, nimepata jibu langu.

Wiki ya tisa daktari akarudi na majibu. Jumapili, baada ya misa, ukumbi wa parokia ukajaa mpaka watu wakakaa madirishani. Padri Egidio alifunga mapazia, daktari akawasha mashine yake ya picha, na ukutani zikatokea takwimu. Kwanza nchi nzima. Tukaguna kwa fahari. Kipandauso tulikuwa nacho kingi kuliko tulivyodhani, na Ilde akasema kinatokana na kunisikiliza mimi. Kisha yule kijana, kwa uungwana wake wote, akasema amewaandalia watu wa Faetano zawadi: jedwali la kijiji chao peke yao, kwa umri na kwa jinsia.

Mtu wa mji mkubwa hawezi kulijua kosa hilo. Kwake yeye moja ni namba. Kwetu moja ina jina, ina shamba, ina mama mkwe.

Pale ukutani, kwenye mstari wa ugonjwa wa kutetemeka, wanaume wa miaka hamsini hadi hamsini na nne, palikuwa na 1.

Ukumbi ulianza kunong'ona. Wanaume wa umri huo kijijini kwetu hawafiki ishirini, na wote walikuwa mle ndani na wake zao.

"Ni Primo," mmoja akasema.

"Primo ana hamsini na sita, mpumbavu wewe!" Primo mwenyewe akajibu.

"Basi Alvaro."

"Alvaro anatetemeka akimwona mama mkwe tu!"

Watu wakaangua kicheko. Wengine walikuwa wanahesabu kwa vidole, wanawataja kwa sauti kama wanaita mahudhurio shuleni, huyu siye, yule siye. Daktari alivua miwani, akavaa, akavua tena. Oriana aliinuka pembeni akamfanyia ishara ya haraka azime mashine. Kijana akababaika na vitufe, ile picha ikaganda palepale.

Mimi yote hayo niliyasikia kwa sikio moja. Nilikuwa namtazama Oriana. Na nikaona, kabla hajakaa, alivyogeuka na kumtafuta mume wangu, juu ya vichwa vya watu safu tatu nzima, na namna alivyomtazama. Lilikuwa jicho la mtu anayejua. Settimio naye akamtazama vilevile, kisha akainamisha kichwa. Nimeketi katikati yao, mke wa ndoa, nimevaa koti langu zuri, na mimi ndiye pekee nisiyejua kitu.

Nikasimama.

"Wewe! Unamtazamia nini mume wangu?"

Ukumbi ukageuka wote. Watu wakachekelea kwanza, kwa sababu wananijua.

"Nives, kaa," Ilde akanivuta sketi.

"Sikai! Leo atasema!"

"Nives, nakuomba," Oriana akasema. "Si hapa."

"Si hapa? Unataka wapi, kwenye gari lako? Alhamisi zote unampeleka wapi? Umenifukuza jikoni kwangu, mkajifungia saa nzima na nusu! Wa Ilde dakika kumi! Primo dakika kumi! Mimi mwenyewe dakika kumi! Settimio saa nzima na nusu! Mlikuwa mnafanya nini humo? Sema mbele ya watu!"

Angeweza kujiokoa kwa maneno mawili. Alisimama pale, amejaa wekundu mpaka shingoni, watu wanamtazama kama mwizi wa waume, na hakuyasema.

Ndipo nikaona kwamba hakuna anayecheka tena. Ilde aliiachia sketi yangu. Watu hawakuwa wanamtazama Oriana. Walikuwa wanatazama ukutani, kisha wanamtazama Settimio, kisha ukutani. Kila mmoja mle ndani alikuwa amekaa na muuguzi. Kila mmoja alijua ni nani anayeagwa kwa dakika kumi na ni nani anayebaki. Nyuma kabisa sauti ya kike ikasema taratibu, "Settimio si ana hamsini na mbili?"

Mama yangu! Yalinijia yote kwa pamoja. Wembe. Matufe. Mkono asionipa. Alhamisi, na hospitali iko njia hiyohiyo ya Borgo. Nilijua utaratibu wa maswali kama kila mtu, tisa na arobaini, na wiki tisa sikuufikiria hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu, lakini yalikuwa yameshawafikia watu mia mbili.

Settimio alisimama polepole, akishika kiti cha mbele yake.

"Haya," akasema. "Msijisumbue na vidole. Ni mimi. Mke wangu kawaambia."

Akatoka kwa hatua fupi fupi, na watu wakampisha kwa heshima, heshima ile ambayo mtu mwenye afya hapewi. Mchonga mawe ambaye kesho yake kila mwenye kazi atajiuliza kama ampe au asimpe. Nilimfanyia mimi hilo, mimi na mdomo wangu.

Nilimkuta nje kwenye ngazi. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka waziwazi, hakuuficha. Hapo nilipaswa kuomba radhi. Najua. Mtu yeyote angeomba. Lakini nilifungua kinywa na kilichotoka kilikuwa wivu uleule.

"Yeye! Kwa nini umwambie yeye kwanza?"

"Aliniuliza."

"Na mimi sikuulizi? Kila siku nakuuliza!"

"Oriana aliniuliza mambo arobaini, Nives," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililonikata. "Wewe mwaka mzima umeniuliza moja tu."

Mlango wa ukumbi ulikuwa umefunguliwa, watu wameanza kutoka kwa makundi, wanajifanya wanafunga vifungo vya makoti. Niliukamata ule mkono wake kwa mikono yangu miwili. Uliendelea kutetemeka humohumo ndani ya mikono yangu.

"La kwanza katika hayo arobaini lilikuwa lipi?" nikamuuliza.

"Nives, watu."

"Waache. La kwanza?"

Akanitazama kuona kama natafuta ugomvi. "Kama mwandiko wangu umekuwa mdogo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo."

"La pili?"

"Kama vifungo vya shati vinanishinda."

"Vinakushinda?"

"Asubuhi, ndiyo."

Ilde alipita, akatusalimu kwa kichwa tu. Padri Egidio alipita. Tukaendelea, la tatu, la nne, yeye anajibu chinichini na mimi sibandui macho usoni mwake. Lilipofika la tisa akageuza uso, akatazama barabarani.

"Lilisemaje?"

"Kama kuna mtu nyumbani anayejua."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna."

Nililia palepale, mbele ya Faetano nzima, na wala sikujifuta. Oriana akatoka wa mwisho, kola ya koti imesimama, akashuka ngazi kwa upande wa pili bila kutuangalia. Nilimwona. Nilidaiwa radhi na mtu huyu niliyemtukana mbele ya watu mia mbili, na nitampa, lakini si siku hiyo. Siku hiyo nilikuwa na kazi.

"La kumi?" nikamwambia mume wangu.

"Tukayamalizie nyumbani."

"Hapana. La kumi."

Niliyataka yote arobaini, palepale, asibaki nalo hata moja yule mwanamke.