Neno Moja la Buluu

Rangi ilikuwa bado mbichi baba aliponiita nishike ncha ya kitambaa. Mita sita nyeupe zilitanda uani kwetu, mtaa wa Makiso, toka mlangoni hadi kwenye pipa la maji. Neno la kwanza lilikwisha pakwa buluu: ASANTE. Mengine yalikuwa ya penseli tu: KWA MKUU WA NCHI KWA KUMTEUA BINTI YETU AUGUSTINE.

Kwetu ndivyo ifanywavyo. Jina likisomwa kwenye televisheni ya taifa, mtaa hutundika shukrani barabarani. Na jina la Mama Augustine, hakimu ninayemfanyia kazi ya ukarani, Mama Juge kama tumwitavyo, lilisomwa Jumanne: Mahakama ya Katiba. Baraza la mahakimu lilimpendekeza, mkuu wa nchi akatia saini.

Lakini asubuhi ile, akifunga majalada yake, aliniambia, "Djamila, papa yako aache kile kitambaa."

"Watu wanafurahi, Mama Juge."

"Hata mimi. Lakini kule muhula ni miaka tisa, haurudiwi. Unajua kwa nini?"

Nilijua, nilifundishwa chuoni. Lakini alijijibu mwenyewe.

"Ili nisiwe na mtu wa kumwomba aniongeze. Sasa nianze na mtu wa kumshukuru? Siku karatasi ya mkuu wa nchi italetwa mbele yangu, nitaisoma kwa macho gani?"

Sasa nilishika ncha, na baba akachovya brashi. Saa tisa wazee wa mtaa wangekuja kukichukua wakakitundike njia ya Bangboka, ambako kesho yake Mama Augustine angepita kwenda kupanda ndege.

"Papa, Mama Juge hataki."

"Mutu hataki asante? Acha mchezo. Kitambaa iko ya quartier, ya mtaa wote, haiko yangu."

Nami mtu ambaye nikiita kesi mahakamani, mawakili hutega masikio kwa viganja wapate kunisikia! Nilitaka kunyamaza. Kisha nikakumbuka kesi yetu ya Lubunga, ng'ambo ya mto. Miaka kumi iliyopita Mama Juge alivuka kwa mtumbwi, akaupima kwa hatua mpaka wa kiwanja chetu, viatu mkononi, halafu akampa ushindi mpinzani wetu. Baba alirudi nyumbani akasema ameshindwa lakini amesikilizwa, akala akashiba. Mwaka ule ndipo nilipochagua sheria.

"Papa, yule mpinzani wetu wa Lubunga. Kama Mama Juge angekuwa ametundika kitambaa cha kumshukuru yeye barabarani, ungekubali hukumu?"

Brashi ilidondosha tone la buluu kwenye kidole chake cha mguu. Hakulifuta.

"Hapana," alisema mwishowe. "Bon, haya. Wazee utawaambia wewe. Si wewe uko na diplôme?"

Niliwaambia. Wakanung'unika, mmoja akaniita mtoto asiye na adabu, lakini niliwaambia yote.

Penseli tuliifuta kwa kifutio changu cha shule. Buluu ilikataa kutoka.

Kesho yake asubuhi gari la Mama Augustine lilipunguza mwendo mbele ya ua wetu, mimi na baba tulipokinyoosha kitambaa. Akashusha kioo, akasoma, akatafuta jina palipobaki peupe.

"Papa Hamadi, hii asante ni ya nani?"

"Haiko na jina, Mama Juge. Wewe pita tu."

Alicheka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Gari likaondoka. Vumbi lilitua, na mimi na baba tulikuwa bado tumeshika ncha zetu.